Soketi Iliyofungwa kwa Uzi wa Katani

Kila asubuhi, kabla jua la Ikutha halijaanza kuchoma, Nzilani alimpeleka punda mtoni kuchota maji, akarudi akafagia uwanja, kisha akalowesha kitambaa na kufuta vumbi jekundu kwenye gari la zahanati. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Zile nyingine, tuseme kweli, alizifanya kwa sababu mama yake alikuwa na macho makali.

Gari lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa mali ya zahanati ya kanisa, na baba yake, Mzee Kiilu, alikuwa dereva tu. Lakini ungemwona jioni akilizunguka, akigonga magurudumu kwa ncha ya kiatu, ungedhani amelizaa. Upande ule wote hapakuwa na gari jingine la kubeba wagonjwa. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mzee akianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala, ni hilo hilo. Kwa hiyo Kiilu aliweka sheria nyumbani, na kila alipoitamka alisimama wima: "Atakayegusa injini ya hili gari bila mimi kujua, siku hiyo atanijua mimi ni nani." Nzilani alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakutaka kabisa kumjua baba yake zaidi ya alivyomjua.

Agosti ile ya mwaka wa 1998, shule zikiwa zimefungwa, gari lilianza kukohoa. Lingekwenda vizuri, mara likohoe, litetemeke, kisha liendelee na safari kana kwamba halikufanya lolote. Mwangangi, fundi wa pale sokoni, alifungua boneti, akatazama, akajikuna kichwa. Yeye alizoea injini za zamani, zile unazoweza kuzitengeneza kwa bisibisi na maombi.

"Mzee Kiilu, hili lina ubongo," alisema. "Mimi natibu tumbo. Ubongo siuwezi."

Ndipo Kiilu akamtumia habari dada yake, Kavata, aliyekuwa akifundisha mambo ya umeme na redio katika chuo cha ufundi huko Kitui. Shangazi Kavata alifika akiwa na mfuko mmoja wa nguo na kisanduku cha mbao alichokifunga vizuri ndani ya leso.

"Shikamoo, Shangazi. Hicho ni nini?" Nzilani aliuliza hata kabla ya kupokea mfuko.

"Marahaba. Huyu ni mkalimani," shangazi alijibu akicheka. "Nitakuonyesha nikishakunywa chai. Wewe huna hata haya, mgeni hajakaa!"

Baada ya chai walikwenda kwenye gari. Shangazi aliinama chini ya usukani, akaonyesha tundu dogo lenye nyaya. "Ndani ya gari hili mna kompyuta ndogo," alieleza. "Inapokea habari kutoka kwa sensa nyingi, vipimo vidogo vilivyofungwa kwenye injini. Hii inapima joto la maji, ile inapima hewa inayoingia, nyingine inaangalia injini inavyozunguka. Sensa moja ikiugua, kompyuta inatuma ujumbe hapa. Lakini haisemi Kikamba wala Kiswahili. Inatuma mapigo ya umeme, mengine marefu, mengine mafupi, na yanapita upesi mno. Jicho lako halitayahesabu."

"Sasa nani atayahesabu?"

Shangazi alifungua kifuniko cha kisanduku. Ndani palikuwa na nyaya za rangi, betri, na kitu cheusi chenye miguu mingi myembamba, kidogo kama mende.

"Huyu. Ni kompyuta nzima, usidharau umbo lake. Nimemfundisha mimi mwenyewe pale chuoni. Anahesabu mapigo, kisha anatuandikia namba hapa." Aliunganisha waya, Kiilu akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, na kwenye kioo kidogo zikawaka tarakimu nyekundu: 22.

"Ishirini na mbili ni nini?" Kiilu aliuliza. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na sauti yake haikuwa na imani.

"Sijui," Shangazi Kavata alisema bila kuona aibu. "Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani. Tutaliuliza gari lenyewe. Tunachomoa soketi ya sensa moja, yaani kichwa cha waya wake, tunaona linalia namba gani. Tunairudisha, tunachomoa nyingine. Ile isiyoleta namba mpya ndiyo mgonjwa."

Mikono ya Kiilu ilikuwa minene, haikupenya kule ndani. Ya Nzilani ilikuwa myembamba. Kwa hiyo, chini ya macho ya baba yake mwenyewe, msichana yule aliruhusiwa kuingiza mkono kwenye injini kwa mara ya kwanza maishani mwake, na moyo ulimdunda kwa furaha.

"Sikiliza vizuri," shangazi alimwambia. "Kila soketi ina kibanio. Kibonyeze kwanza, ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu kitavunjika, na soketi isiyo na kibanio hutoka yenyewe barabarani. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Alichomoa soketi ya hewa. Kisanduku kikaonyesha 22, kikazima, kikaonyesha 24. Basi ishirini na nne ni hewa. Akairudisha, akachomoa ile ya karibu na waya wa kanyagio la mafuta. Ikaja 22, kisha 41. Halafu akachomoa ya joto la maji, na hapo hapakuja namba mpya. Ilibaki ile ile, 22.

"Umeona?" Shangazi Kavata alipiga makofi. "Tumeing'oa na gari halijaona tofauti. Kwake ilikuwa imeng'oka zamani. Ugonjwa uko hapa."

Na kweli, walipoufuata waya wa sensa ile waliukuta umetafunwa na panya hadi ukabaki uzi mmoja wa shaba. Shangazi aliuunga, akauzungushia utepe mweusi, kisha akachomoa fyuzi ndogo na kuirudisha ili kompyuta isahau makosa ya zamani. Kisanduku kikaonyesha 00. Kiilu aliwasha injini, akaisikiliza, akakanyaga mafuta. Hapakuwa na kikohozi. Mzee yule ambaye hakuwa mtu wa kucheka alicheka mpaka akajifuta machozi, akazima injini, akaondoka mbiombio kwenda kumpa pasta habari.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mama aliita kutoka jikoni kwamba mihogo imeiva, shangazi akaenda kunawa mikono, na Nzilani akabaki peke yake na boneti iliyo wazi. Chini kabisa, karibu na gurudumu la mkanda, aliona soketi moja ambayo hawakuigusa. Hiyo nayo inasema nini? Ufunguo ulikuwa bado pale. Kisanduku kilikuwa bado kimeunganishwa. Dakika moja tu, alijiambia. Nani atajua?

Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaingiza mkono hadi begani. Hakukiona kibanio, alikipapasa tu, na mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Akavuta. Soketi ikakataa. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, akasikia "ta!" na soketi ikatoka. Kwenye kisanduku iliwaka namba 12. Lakini Nzilani hakufurahi, kwa sababu kiganjani mwake kulikuwa na kipande cha plastiki cheusi kisichozidi punje ya mahindi. Kilikuwa kibanio.

Aliirudisha soketi mahali pake, ikaingia, lakini alipoitikisa kidogo ilitoka yenyewe. Akairudisha tena. Ikatoka tena.

Sasa, Ukambani kitu kikilegea kinafungwa kwa katani. Mzigo wa punda, mlango wa banda, mpini wa ndoo, vyote ni katani. Mama yake Nzilani hakukaa bure hata siku moja. Alisokota nyuzi za katani pajani kwa ajili ya vikapu vya kiondo, na Nzilani mwenyewe hakukosa kifundo cha uzi mfukoni. Alikitoa upesi, akauweka uzi mdomoni akaulowesha kwa mate kama walivyozoea wanawake wanaposokota, akauzungushia ile soketi mara nyingi, akakaza fundo kadiri alivyoweza. Aliitikisa. Ilishika imara. Kisha akachomoa fyuzi ndogo na kuirudisha, kama alivyomwona shangazi akifanya. Namba 12 ikafutika. Kisanduku kikaonyesha 00, kana kwamba hakuna lililotokea chini ya jua.

"Umemaliza kufunga vitu?" Shangazi Kavata alitokea akijifuta mikono. "Hakuna ulichoharibu?"

"Hakuna, Shangazi."

"Msichana mzuri. Nitakuachia kisanduku hiki. Kiweke garini, na kila Jumamosi umsomee baba yako namba."

Neno hilo, "msichana mzuri," lilimchoma kuliko kofi. Kipande cha kibanio alikirusha kwenye shimo la takataka.

Kuanzia siku ile Nzilani hakupata raha. Kila baba yake alipowasha gari, alisimama mlangoni akiusikiliza mlio mpaka upotee kule kwenye miti ya migunga. Kila lilipochelewa kurudi, alitoka hadi barabarani kulitazamia. Alikula kidogo, akajibu kwa mkato, na mama yake akadhani ana malaria. Jumapili kanisani, pasta alimwomba Mungu alilinde gari la wagonjwa na dereva wake. Watu wote waliitika "Amina." Nzilani alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Nitasema leo, alijiambia. Lakini baba alirudi amechoka. Basi nitasema kesho. Kesho alirudi amefurahi, na nani anataka kumharibia baba yake furaha? Hofu ni hivyo. Kila siku ina sababu yake nzuri ya kungoja.

Jumatano alasiri, Nzilani na jirani yake Kalunde walikwenda kuokota kuni. Kalunde alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa hawajui kusema vizuri. Alikuwa msichana wa mizaha, na siku hiyo alikuwa akimwigiza mwalimu wao anavyotafuta miwani ilhali ameivaa. Aliinama kuvuta gogo kavu, huku bado anacheka, na chini ya gogo lile kulikuwa na bafe, yule nyoka mnene mvivu anayefanana na majani makavu.

"Mwaitu! Mwaitu wee!" Kalunde alipiga ukelele wa kumwita mama yake, akaanguka akishika mguu juu kidogo ya kisigino.

Wachungaji waliokuwa karibu walimbeba mbio hadi zahanati. Mmoja wao alikuwa tayari ametoa kisu ili achanje jeraha, mwingine anafungua mshipi amfunge mguu. Muuguzi Rahab aliwafukuza wote.

"Hakuna kukata! Hakuna kufunga kwa kukaza, mtauua mguu! Alale, atulie, mguu usichezechezwe. Mzee Kiilu, washa gari. Mimi dawa ya sumu ya nyoka sina. Iko hospitali ya misheni, Mutomo, na kila dakika ina thamani."

Gari likaletwa. Syombua, mama yake Kalunde, alipanda nyuma na kukipakata kichwa cha mwanawe. Nzilani alitaka kurudi nyuma, lakini Kalunde alikuwa amemshika mkono na hakumwachia. "Twende na wewe," alisema. Mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba na ngozi inang'aa.

Basi Nzilani akapanda. Hofu mbili zilikaa naye kwenye kiti kimoja, ya nyoka na ya katani, na ile ya katani ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, maana hiyo alikuwa ameifunga kwa mikono yake.

Barabara ya Mutomo wakati ule ilikuwa na matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Gari lilitetemeka kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Jua lilikuwa kali. Nzilani aliisikia injini ikinguruma, akawa anaomba kimya kimya, "Shika, shika, shika." Syombua alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini huku akimfuta mwanawe jasho. Kalunde alitapika. Kiilu alikanyaga mafuta tu.

Walivuka korongo la mchanga wakaanza kupanda kilima. Walikuwa katikati ya kilima injini ilipozimika. Haikukohoa wala haikulalamika. Ilinyamaza tu, na ghafla wakasikia upepo na pumzi za Kalunde.

Kiilu alivuta breki ya mkono, akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka, injini haikuwaka. Akajaribu tena. Hakuna kitu. Aliruka nje, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua boneti. "Petroli ipo," alisema peke yake. "Betri ina nguvu. Sasa ni nini? Ee Mungu, sasa ni nini?" Nzilani hakuwahi kusikia sauti ya baba yake ikitetemeka. Sasa aliisikia.

"Nzilani! Leta kile kisanduku cha shangazi yako. Kinasema nini?"

Alishuka kutoka nyuma, akakichukua kisanduku, akainama chini ya usukani. Akaunganisha waya. Alijua tayari ataona nini, hata hivyo alitamani iwe namba nyingine yoyote duniani. Tarakimu ziliwaka nyekundu: 12.

"Kumi na mbili," alisoma.

"Kumi na mbili ni nini? Ile siku mlisema ishirini na mbili, mkasema ishirini na nne. Hii kumi na mbili ni nini?"

Katika wilaya nzima ya Kitui, hakuna aliyejua namba ile ni nini kwenye gari lile isipokuwa mtoto mmoja. Shangazi Kavata mwenyewe hakuijua. Baba alikuwa akimtazama, jasho likimtiririka, na Nzilani aliona mkono wake mnene ukiwa umeshika mlango wa gari. Alikumbuka: siku hiyo atanijua mimi ni nani.

"Sijui, Baba," alisema.

Kiilu alirudi kwenye boneti. Alianza kuvuta nyaya moja moja, akipuliza, akifuta, akitafuta gizani mchana kweupe. "Labda ni hicho kidude chenyewe kilichoiroga," alinung'unika. "Nitakimbia kwa miguu nitafute gari. Lakini gari lipi? Hapa siku ya Jumatano hapapiti kitu."

Nyuma, Syombua alikuwa ameacha kuimba. Nzilani alichungulia. Uvimbe ulikuwa umepanda hadi gotini, na midomo ya Kalunde ilikuwa mikavu. Alifungua macho akamwona rafiki yake.

"Nzilani," alisema polepole. "Watu wakubwa wananiambia nitapona kwa sababu wanataka nisilie. Wewe hujawahi kunidanganya. Niambie kweli. Nitakufa?"

Nzilani aligeuka akakimbia mbele ya gari, akamshika baba yake mkono.

"Baba, kumi na mbili naijua! Ni soketi ya chini, karibu na gurudumu la mkanda. Niliichomoa siku ile, nyinyi mkiwa hampo. Nikavunja kibanio. Nikaifunga kwa katani nikanyamaza. Nikamdanganya Shangazi. Na sasa hivi nimekudanganya wewe. Nichape, Baba, lakini tuifunge kwanza, Kalunde asife!"

Kiilu alimtazama. Uso wake ulikuwa mgumu, na kwa kitambo kidogo Nzilani aliona kwamba mkono ule unainuka. Uliinuka, ukaonyesha kwenye injini.

"Wapi? Nionyeshe."

Walilala wote wawili juu ya mchanga wa moto, wakachungulia kutoka chini. Soketi ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, na uzi wa katani umening'inia pamoja nayo, umelegea. Kiilu alisonya.

"Uliufunga ukiwa umelowa?"

"Ndiyo, Baba. Kwa mate."

"Katani ikilowa hukaza. Ikikauka hulegea. Na hapa pana joto la injini. Ungemuuliza mama yako, angekwambia." Alikimbia nyuma ya gari, akarudi na ukanda wa mpira wa tyubu aliokuwa akifungia mitungi ya maji. "Mpira huu hauachii. Mkono wangu haupiti. Ni wewe. Angalia, chuma kina moto."

Nzilani aliingiza mkono. Chuma kilimuunguza juu ya kiwiko, akauma meno. Alisukuma soketi mpaka mwisho, akauvuta mpira, akauzungusha, akauvuta tena, baba yake akimwelekeza kwa sauti iliyotulia sasa. "Taratibu. Pitisha chini. Vuta. Kaza. Vizuri." Machozi yalimwingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

Kiilu alizungusha ufunguo. Injini ikawaka.

Walifika Mutomo jua likiwa linaelekea vilimani. Wauguzi walimchukua Kalunde kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Nzilani alikaa sakafuni kwenye baraza. Baba yake alikaa kwenye benchi, kofia mkononi. Muda ule wa kungoja, msomaji, ndio uliokuwa mrefu kuliko njia yote ya kutoka Ikutha.

Mwishowe daktari alitoka. "Ameshapata dawa, na mwili wake unaipokea," alimwambia Syombua. "Mguu utachukua muda kupona, lakini hatukusudii kuukata. Mmefika wakati unaofaa. Mngekawia zaidi, nisingesema hivi." Syombua alipiga magoti pale pale akashukuru kwa sauti.

Nzilani alisimama mbele ya baba yake. "Sasa nichape, Baba," alisema.

Kiilu aliigeuza kofia yake mara mbili tatu. "Adhabu yako ipo," alisema. "Mpaka shule zifunguliwe, kila siku utakwenda kumchotea maji mama yake Kalunde, na utamwambia wewe mwenyewe kwa nini. Hilo halina msamaha." Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini nami nina langu. Niliwatisha hapa nyumbani mpaka mtoto wangu akaona heri gari life barabarani kuliko kunijia mimi. Hiyo si sheria nzuri. Ni mimi niliyeitunga."

Kwenda kwa Syombua ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nzilani alimweleza kila kitu akitazama chini. Mama yule alilia, kisha akamwambia, "Ulinichelewesha, mwanangu, nami nilidhani nimempoteza. Sitakuficha, nimeumia. Lakini leta maji, na kesho uje tena." Kalunde naye, aliporudi nyumbani akiegemea fimbo, alisikia habari yote, akanuna siku nzima. Siku ya pili alishindwa kununa. "Wewe na katani yako!" alisema. "Nikiolewa, mahari yangu usifunge wewe. Mbuzi watafika Mombasa!" Walicheka wote wawili, halafu Nzilani akalia.

Shangazi Kavata alirudi akiwa na kibanio kipya mfukoni. Alikifunga mwenyewe, kisha akamwita Nzilani wakae kwenye ngazi ya gari.

"Nimekosa sana, Shangazi," Nzilani alisema. "Hata kisanduku ni bora kuliko mimi. Chenyewe kilisema kweli mara moja."

"Kisanduku?" Shangazi alikipiga kofi kidogo. "Hiki hakina mgongo wa kuchapwa, wala hakina baba wa kumwogopa. Kwake kusema kweli hakugharimu kitu. Wewe ulisema ukitetemeka. Hilo ndilo linaloitwa ujasiri, na umeupata kwa kuchelewa, karibu sana kuchelewa. Sikiliza, Nzilani. Kuvunja kibanio ni ajali. Mimi mwenyewe nimevunja vingi. Kosa lisemwapo siku ile ile ni dogo, ningelitengeneza kabla mihogo haijapoa. Ulipolificha, halikukaa kimya kule ndani. Lilikuwa likilegea kila siku kidogo kidogo, likingoja kilima na mgonjwa. Kila unapoharibu kitu, sema upesi, hata kama sauti inakauka."

Nzilani aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anautazama ule mpira wa tyubu ambao baba yake alikataa kuutupa. Mzee aliutundika kwenye kioo cha mbele cha gari, na pale ukabaki.

Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi Nzilani aliunganisha kisanduku na kumsomea baba yake namba. Kiilu alisimama kando, bila kukunja tena mikono kifuani. "Gari linasema nini?" aliuliza.

"Sufuri sufuri, Baba."

"Na wewe? Una namba yoyote ya kunisomea?"

Siku nyingi alijibu hana. Siku moja alisita, akasema, "Ninayo moja, Baba. Ndogo. Mtungi wa maji umepasuka, na ni mimi niliyempakia punda vibaya."

Kiilu aliweka kofia yake kichwani. "Vizuri," alisema. "Leta tuuone, kosa lingali bichi."